Mpaka Kichupa Kiwe Kitupu

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ishirini tangu mke wangu aondoke kwenda kwa binti yetu aliyejifungua. Kitanda kimekuwa kipana bila sababu. Nalala upande wangu kwa adabu, upande wake siugusi. Ndala zake bado ziko mlangoni. Nimezigeuza zielekee ndani, kama za mtu aliyefika sasa hivi. Upuuzi, najua. Lakini nikizitazama napata nafuu.

Leo nimekwenda hospitali, tena si kwa hiari. Juzi nilikuwa nachonga ndevu za karani wa posta, mara ukuta wa duka ukainama. Ukuta! Nikashika kiti nisianguke. Kiti changu cha kinyozi ni kile cha kuzunguka, basi kikazunguka, na karani ndani yake, na mimi nyuma yake na wembe. Karani ametoka na sharubu nusu. Hajarudi kudai ile nusu nyingine.

Daktari alinilaza, akanigeuza kichwa huku na huku, akatazama macho yangu yanavyochezacheza. Akasema shida iko kwenye sikio la ndani. Nikamwambia mimi nasikia vizuri sana. Akasema sikio lina kazi mbili, kusikia na kumweka mtu wima, na langu limegoma kufanya ile ya pili.

Vidonge arobaini na viwili kwenye kichupa. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, baada ya chakula, siku kumi na nne. Usizidishe. Ukisahau kimoja, usije ukafidia kwa kumeza viwili. Vitaleta usingizi, kwa hiyo pombe marufuku, na dawa nyingine yoyote uniulize kwanza. Ukiamka kitandani, kaa kwanza, ndipo usimame. Usishike wembe, usipande ngazi, usisafiri kwa basi mpaka umalize dawa na mimi nikuone. Nikaitikia kila neno. Lililobaki kichwani ni hilo la mwisho tu.

Maana Jumamosi ya tarehe 16 mjukuu wangu wa kwanza ananyolewa. Nywele za kwanza za wanangu wote wanne nimezitoa mimi, kwa mkono huu. Za mjukuu nimeahidi tangu akiwa tumboni. Siku ishirini hizi nimeiona picha hiyo kila nikifumba macho: mke wangu amekaa, mtoto yuko mapajani mwake, mimi nimepiga magoti mbele yao. Vichwa vyetu vitatu vinakaribia kugusana.

Na kwa binti ni saa nane kwa basi. Kona tupu.

Jumanne, 5 Machi

Nimemeza cha kwanza asubuhi, baada ya mkate na yai. Mgonjwa mwema.

Kisha nikapiga hesabu, na hesabu ikanitia kichefuchefu kuliko sikio. Siku kumi na nne kuanzia leo zinaishia tarehe 18. Basi la kwenda kwa binti ni Ijumaa, tarehe 15 asubuhi. Yaani nitakaa hapa na vidonge kumi na viwili mkononi wakati nywele za mjukuu wangu zinaanguka sakafuni mwa watu.

Nani atazinyoa? Si mwingine. Shemeji! Mdogo wake mke wangu, mwenye kiti cha pili dukani kwangu, kile cha dirishani, nilichompa kwa huruma. Leo asubuhi ameingia na mashine mpya ndogo, akaiwasha karibu na sikio langu bovu. Eti haina kelele, eti inafaa kwa watoto wachanga. Eti kama mimi siwezi kusafiri, yeye yuko tayari kujitolea. Kujitolea! Mtu ambaye hajawahi kujitolea hata kufagia nywele za wateja wake.

Saa kumi na moja jioni mke wangu akapiga simu, kama kila siku. Aliuliza nimekula nini, nimemeza saa ngapi. Nyuma yake nilimsikia mtoto. Nilitaka kumwambia nyumba imepooza, kwamba juzi nilitia chai vikombe viwili na vyote nikavinywa mwenyewe. Nikamwambia bomba la jikoni linavuja.

Baada ya simu nikakaa na kichupa. Daktari alisema mpaka nimalize dawa. Hakusema tarehe 18. Alisema nimalize. Kinachonizuia ni vidonge kumi na viwili tu, na koo ninalo.

Jumatano, 6 Machi

Viwili asubuhi. Viwili mchana. Nilijisikia kidume.

Saa nane nikakaa kwenye kiti changu nijipumzishe dakika tano. Nimezinduka jua linazama. Nina taulo la wateja kifuani na nusu ya uso ina povu. Shemeji anasema mwalimu mkuu aliingia, akaona kiti kina mtu, akakaa kumsubiri huyo mtu amalizwe. Alisubiri robo saa nzima kabla hajagundua kuwa mtu mwenyewe ndiye kinyozi. Povu ni la Shemeji. Anadai alitaka kunichangamsha.

Mwalimu mkuu amenyolewa na Shemeji. Miaka kumi na sita kichwa kile ni changu!

Hilo ningelimeza. Lakini simu ya saa kumi na moja imenipita. Ilikuwa mfukoni mwangu ikalia mara tatu, nami nakoroma. Hatimaye Shemeji akaipokea na kumwambia dada yake kwamba nimelala kazini na mdomo wazi. Dakika sita kwa siku ndizo ninazopata kumsikia, na za leo zimeliwa na yule mtu. Nimempigia baadaye, simu haikushika. Kesho itabidi nisubiri mpaka jioni tena.

Ulimi mkavu, kichwa kizito. Bado vinane... hapana, cha jioni kimenipita, nimefidia kimoja tu. Bado kumi na kimoja.

Alhamisi, 7 Machi

Viwili, viwili, viwili. Bado vinane vya kufidia. Kazi inakwenda.

Balaa ni kwamba mke wangu si mtu wa kudanganywa na mkoromo. Leo kwenye simu amesema ana wasiwasi na dawa zangu, kwa hiyo amemteua mkaguzi. Kila siku saa moja jioni Shemeji atakuja nyumbani kuhesabu vidonge. Nikauliza kwani mimi mtoto. Akasema mtoto wa binti yetu anamsumbua kidogo kuliko mimi.

Hesabu ya haki leo ilikuwa thelathini na tatu. Kwenye kichupa mna ishirini na tisa. Nikatembea sebule nzima, huku ukuta nao unatembea. Macho yakaangukia kopo la vifungo la mke wangu, lile analoliweka juu ya cherehani. Vifungo vyeupe vya shati, vidogo, mviringo. Na Shemeji haoni vitu vya karibu! Ndiyo maana watu wake hutoka na visogo vya ngazi. Avae miwani? Thubutu.

Nilipofungua lile kopo harufu yake ikanijia, ya mafuta ya cherehani na sabuni yake ya mikono. Nikasimama pale na kopo puani, mzee wa miaka hamsini na tisa. Nilikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuchagua vifungo vinne.

Shemeji alikuja, akamimina kiganjani, akahesabu kwa sauti kama karani wa kura. Thelathini na tatu. Akanisifu. Nikajifanya naona haya.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi niliamka nikasimama hapohapo, na sakafu ikaja kunilaki. Sikuumia. Mto wa mke wangu ulianguka nami.

Kizunguzungu kimezidi badala ya kupungua. Ajabu! Dawa mara mbili, nafuu hamna. Nikamweleza fundi viatu, jirani yetu wa duka la kushoto. Akasema hata yeye mwaka jana kichwa kilimzunguka hivyo hivyo, akapewa vidonge vidogo vya rangi ya waridi, siku mbili akawa mzima. Anavyo vitatu, viko kwenye droo pamoja na misumari. Roho nzuri sana yule bwana. Nikameza kimoja kwa maji yake ya chupa, na vyangu viwili juu yake.

Baada ya nusu saa nilikuwa nimekaa kwenye kibao cha fundi viatu, jasho baridi linanitoka, miguu si yangu. Nikiinuka, giza. Nikikaa, taa. Fundi viatu alinipepea kwa soli. Ndipo akakumbuka, taratibu, kwamba kizunguzungu chake hakikuwa cha sikio. Kilikuwa cha presha, imepanda. Vile vya waridi ni vya kuishusha.

Yangu haikuwa imepanda. Sasa ilikuwa imeshuka, sijui imeteremka mpaka wapi.

Nimelala sakafuni mwa duka lake mpaka saa kumi, miguu juu ya sanduku la viatu. Nilisikia watu wakiingia kuchukua viatu vyao na kunivuka. Nilichowaza mle chini si kufa. Niliwaza kwamba simu ya saa kumi na moja isinikute hapa.

Nilipokea wima, nimeegemea mlango. Akaniuliza mbona nahema. Nikasema nimepanda ngazi. Akaniuliza ngazi ipi, wakati nimekatazwa ngazi. Mwanamke huyu angekuwa hakimu.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandike vipi. Nimemeza kifungo.

Asubuhi, gizagiza, umeme umekatika, nikamimina viwili kiganjani, nikatupia mdomoni, maji. Kimoja kikapita kikipapasa kote njiani. Jana vidonge vyangu nilimeza vitatu tu, basi vifungo vilibaki vinne. Nikavihesabu kwenye kichupa: vitatu. Nikahesabu tena. Vitatu. Nikatazama chini ya kitanda kwa kujipa moyo.

Duka la dawa la kona. Dada wa pale namjua, mumewe namnyoa. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama kifungo kinaweza kugombana na dawa ya kizunguzungu. Akauliza kifungo cha nini. Nikasema cha shati. Akauliza kimefikaje. Watu watatu nyuma yangu kwenye foleni wakasogea.

Nilianza kwa uongo, lakini yule dada ana tabia ya kunyamaza na kukuangalia, basi uongo ukaniishia, nikamtapikia yote: basi, mjukuu, vidonge viwiliviwili, cha waridi, kopo la vifungo. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akasema kifungo kidogo hivyo kitatoka chenyewe, ila nikiumwa tumbo niwahi hospitali. Kifungo ndicho kitu salama kuliko vyote nilivyomeza wiki hii. Akasema dawa haipimwi kwa wingi, inapimwa kwa saa, na sikio halijui habari za basi langu. Watu wawili wanaweza kuumwa kitu chenye jina moja na dawa ya mmoja ikamwua mwingine. Akaniambia nisimeze kingine chochote leo wala kesho, na Jumatatu alfajiri niwe mlangoni kwa daktari.

Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia mke wangu tu kwamba nimemkumbuka.

Mambo ya watu haya, yanamhusu nini yeye?

Jumapili, 10 Machi

Dada wa duka la dawa amemwambia mumewe, mumewe amemwambia Shemeji. Shemeji alikuja asubuhi na miwani! Ya kuazima, ya mama mmoja, ina maua pembeni. Akamimina kichupa mezani, akatenga vidonge kushoto, vifungo kulia. Akatoka, nikajua anakwenda kumpigia nani.

Simu haikungoja saa kumi na moja. Saa nne asubuhi.

Nilijiandaa kufokewa. Nina majibu ya kufokewa, miaka thelathini na mbili nimeyanoa. Lakini mke wangu hakufoka. Akasema, taratibu:

"Nywele za mtoto zitakusubiri. Wewe usinifanye nije kwa mazishi."

Nilitaka kusema jambo. Kila nilipofungua mdomo pua ikawa inachuruzika. Akasubiri. Mwishowe nikamwambia bomba la jikoni bado linavuja. Akasema anajua.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari amenipima presha, amenisikiliza kifua, amenitukana kwa lugha ya kitaalamu. Amekichukua kichupa changu na kukifungia mezani kwake. Leo nisimeze kitu. Kesho tunaanza upya, kichupa kipya, siku kumi na nne zilezile. Mpaka tarehe 25.

Nilitaka kuokoa siku nne. Nimejiongezea saba.

Nikamwuliza, kwa nia njema kabisa, kama kuna vidonge vyenye nguvu zaidi, vya siku saba. Akaniandikia kwa herufi kubwa kwenye bahasha, akaniamuru niibandike juu ya kitanda: KIMOJA. KWA SAA YAKE. BAADA YA KULA.

Jumamosi, 16 Machi

Ndiyo leo.

Niliamka, nikakaa, ndipo nikasimama. Mkate, kidonge. Nikafungua duka ili nisibaki nyumbani na zile ndala.

Jana sikwenda dukani; nilidhani Shemeji yuko kwa binti tangu jana hiyo, na mashine yake isiyo na kelele, na mjukuu wangu. Nilishaandaa hotuba ya kumkaribisha akirudi. Kali! Saa tatu mlango ukafunguliwa, akaingia yeye, na vumbi lake la kila siku. Hakwenda. Tiketi aliirudisha tangu Jumatatu. Dada yake amemwambia mtoto hanyolewi mpaka babu yake awe mzima, na mwenye haraka akanyoe paka.

Hotuba nikaimeza. Shemeji akakung'uta taulo, akanionyesha kiti changu mwenyewe kwa kidevu. Nikakaa. Akavaa ile miwani ya maua, akaninyoa ndevu za siku kumi, polepole, akinishikilia kichwa kisizunguke. Tangu aondoke mke wangu hakuna mkono uliowahi kunigusa uso kwa upole. Nilifumba macho nisije nikaonekana.

Kidevuni upande wa kushoto ameacha ndevu ndefu kidogo. Nimepima.

Jioni kwenye simu wameniwekea mtoto apumue. Amepumua kwa dakika nzima. Nikamsikiliza kwa sikio lile bovu, na likasikia vizuri.

Jumatatu, 25 Machi

Kidonge cha mwisho. Arobaini na viwili, kimojakimoja, hata kimoja hakikuruka zamu. Bahasha ya daktari nimeichoka kuiona lakini ukuta umetulia. Amenigeuza kichwa kulia, kushoto, macho yako palepale. Akanipa vidonge vitano vya akiba, nivitumie tu kizunguzungu kikirudi, na hata hapo nimwambie kwanza. Wembe ruksa. Basi ruksa.

Sihitaji basi. Kesho wanakuja wao!

Nimefua shuka. Nimefua hata mto usiochafuka. Bomba la jikoni sijalitengeneza, ili tuwe na la kuzungumza.

Jumatano, 27 Machi

Amekaa kwenye kiti cha jikoni, mtoto mapajani mwake, mimi nimepiga magoti. Maji ya uvuguvugu, povu kidogo, wembe mpya. Binti amesimama kando na roho juu. Shemeji kashika taulo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hana ushauri.

Ukuta haukuinama. Nywele laini zikawa zinaangukia kwenye karatasi, na mtoto amelala fofofo. Mke wangu alikuwa amenikaribia kiasi kwamba pumzi yake ilikuwa utosini pangu. Ana mvi mpya mbili juu ya sikio la kulia. Wakati naondoa nywele za mwisho kisogoni mwa mtoto, nilipunguza mwendo makusudi. Nilikuwa na kipande cha upana wa kidole kimoja tu cha kunyoa na nilikinyoa kwa dakika kumi.

Ile picha ya kichwani, ndiyo hiyo. Ila mle kichwani hamkuwa na joto.

Ijumaa, 29 Machi

Likizo ya binti imeisha, anarudi kazini. Mtoto anahitaji mtu. Kwa hiyo kesho asubuhi mke wangu anarudi naye. Miezi miwili! Ameniambia wakati anakunja nguo, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba miezi miwili ni kitu cha kuwekwa kwenye begi kati ya gauni na gauni. Akasema angalau anakwenda na moyo mweupe, maana mimi ni mzima. Ningekuwa na kizunguzungu bado, asingebanduka, wangetafuta msaidizi wa mtoto.

Nikasema hewala. Nikatoka kwenda dukani.

Sisemi uongo, mimi si mtu wa uongo. Siwezi kujifanya naumwa na siumwi. Kwa hiyo nimekaa kwenye kiti changu, nikajisukuma kwa mguu. Mara tatu hakuna kitu. Mara saba, kioo kikaanza kupita haraka, na chupa za mafuta, na dirisha. Mara kumi na moja, dunia nzima ilikuwa inakwenda, safi kabisa, hali ya kupelekwa hospitali.

Kilipopunguza mwendo nikaona kwenye kioo mtu amesimama mlangoni, kisha nikaona ukuta, kisha mtu. Kaja na chai yangu kwenye chupa. Akakisimamisha kiti kwa ncha ya mguu. Ndala zake.

"Si ungesema tu, mume wangu, 'usiende'," akasema.

Neno moja. Nilikuwa nalo hapa kooni, karibu na pale kilipopita kifungo. Nikamwambia ni sikio. Nikamwambia ukuta umeinama, tena zaidi ya mwanzo. Akanitazama muda mrefu, akanifunga kifungo cha juu cha shati, akaenda kumalizia begi lake.

Nadhani ameamini. Basi lao linaondoka saa moja asubuhi, na kutoka hapa mpaka saa moja nina muda wa kutosha. Kwa usalama, kesho alfajiri nitazunguka mara ishirini na mbili.